Kipoza Oili Kinachovuja: Namna ya Kukikagua na Kukitengeneza

Kila dereva anajua ya kuwa injini hupozwa kwa maji, na dereva mwangalifu hutazama maji ya rejeta kabla ya kuanza safari ndefu. Walakini wengi hawajui ya kuwa katika magari mengi ya njia mbaya, oili ya injini nayo ina rejeta yake ndogo. Chombo hicho huitwa kipoza oili. Kinapokuwa kizima hakuna mtu anayekikumbuka. Lakini kikipasuka, injini nzima huweza kufa kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha birika la chai.

Hasara hiyo si ya mwenye gari peke yake. Katika sehemu nyingi za Kenya zilizo mbali na barabara kuu, Land Rover moja au Land Cruiser moja ndiyo inayochukua wagonjwa kwenda hospitali, mahindi kwenda sokoni, na dawa za mifugo kwenda kwa wafugaji. Gari hilo likifa injini, lokesheni nzima hukaa ikingoja. Kwa hiyo yafaa wenye magari, madereva na mafundi wafahamu namna chombo hiki kinavyofanya kazi, dalili za kuharibika kwake, na jinsi ya kukitengeneza bila ya kuongeza hasara juu ya hasara.

KWA NINI OILI HUPOZWA

Watu hudhani ya kuwa kazi ya oili ni kulainisha vyuma tu visisagane. Kazi hiyo ni kweli, lakini oili ina kazi nyingine ya kuchukua joto. Maji ya rejeta huzunguka kandokando ya silinda na katika kichwa cha injini. Hayawezi kufika kwenye beringi za krenkishafti, wala chini ya pistoni. Huko ni oili tu inayofika. Katika injini nyingi za dizeli, oili hurushwa kwa nguvu chini ya kila pistoni ili iondoe moto. Kadhalika turbo, ambayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, hutegemea oili hiyo hiyo kwa kulainishwa na kupozwa.

Gari likipanda mlima likiwa na mzigo, au likienda polepole katika mchanga kwa gia ya chini, injini hufanya kazi kubwa na upepo wa mbele huwa mdogo. Oili huweza kuzidi joto la digrii 100 za Sentigredi, ambalo ni joto la maji yanayochemka. Ikizidi mno huwa nyepesi kama maji, ikashindwa kuvitenga vyuma. Tena huungua na kuacha masizi meusi katika njia zake. Ndiyo sababu watengenezaji wa magari huipitisha oili katika kipoza kabla ya kurudi kwenye beringi.

Land Rover za kwanza, zilizoonyeshwa mwaka 1948, zilikuwa na injini ndogo ya petroli ya lita 1.6, nazo kwa kawaida hazikuwa na chombo hiki. Injini za siku hizi hutoa nguvu nyingi zaidi, na nyingi zina turbo. Bila ya kipoza hazingedumu katika nchi ya joto.

AINA MBILI ZA VIPOZA

Vipoza oili ni vya aina mbili, na fundi hana budi kujua ni aina gani iliyo mbele yake, kwa maana dalili zake ni mbali mbali.

Aina ya kwanza hupozwa na upepo. Mfano wake ni Land Rover Defender yenye injini ya 300Tdi, injini ya dizeli ya silinda 4 na lita 2.5, iliyotolewa mwaka 1994. Defender ya umbo hilo la kale ilikoma kutengenezwa huko Solihull, Uingereza, mwezi wa Januari 2016, lakini bado zipo nyingi barabarani. Katika gari hili kipoza kimeunganishwa pamoja na rejeta mbele ya gari. Mabomba mawili hutoka mahali pa chujio la oili ubavuni mwa injini: moja hupeleka oili mbele, na jingine huirudisha. Kila bomba lina sehemu ya chuma na sehemu ya mpira, kwa sababu injini hutikisika na rejeta haitikisiki pamoja nayo. Kipande cha mpira ndicho kinachovumilia mtikisiko huo.

Aina ya pili hupozwa na maji ya injini. Mfano wake ni Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, injini ya dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, iliyotolewa mwaka 1990. Hapa kipoza kimefichwa ubavuni mwa injini, nyuma ya kifuniko, na maji hukizunguka kwa nje huku oili ikipita ndani yake. Hakuna mabomba marefu ya kupigwa na mawe. Lakini kipoza hiki kikitoboka kwa ndani, oili na maji huchanganyika, na nje ya injini huenda pasionekane hata tone moja.

DALILI ZA KUVUJA

Katika gari la aina ya kwanza, dalili huonekana kwa macho. Asubuhi pana doa jeusi chini ya gari upande wa mbele. Vumbi la njiani hushikamana na oili likawa kama tope zito juu ya bomba, juu ya fremu ya rejeta au juu ya ekseli ya mbele. Mara nyingine husikika harufu ya oili inayoungua, kwa kuwa matone yameanguka juu ya chuma chenye moto. Na oili katika kijiti cha kupimia hupungua siku baada ya siku bila ya gari kutoa moshi wa buluu.

Katika gari la aina ya pili, dalili hutafutwa katika maji na katika oili. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa injini ikiwa imepoa, huonekana utando wa hudhurungi juu ya maji. Au kijiti cha kupimia kikichomolewa, oili huonekana nyeupe-nyeupe kama chai ya maziwa. Sababu yake ni hii: injini inapofanya kazi, nguvu ya oili hushinda nguvu ya maji, kwa hiyo oili huingia katika maji. Injini ikizimwa, nguvu ya oili huisha mara moja, bali maji ya moto bado yana nguvu. Basi maji nayo huingia katika oili. Kwa hiyo ni lazima kutazama pande zote mbili. Oili iliyochanganyika na maji hailindi beringi, na gari la namna hiyo lisiendeshwe hata kidogo mpaka limetengenezwa.

Yafaa kukumbuka ya kuwa gasketi ya kichwa cha injini iliyoungua huweza pia kuchanganya oili na maji. Lakini gasketi hiyo mara nyingi huleta na dalili nyingine: mapovu yasiyokoma katika rejeta, moshi mweupe wenye unyevu, au silinda moja kupoteza nguvu. Fundi asikimbilie kuondoa kichwa cha injini kabla ya kukipima kipoza, maana kufungua kichwa ni kazi kubwa yenye gharama.

TAA NYEKUNDU SI YA KUPIMIA OILI

Kuna kosa moja ambalo limeharibu injini nyingi. Madereva wengi husema, "Taa ya oili haijawaka, kwa hiyo oili ipo ya kutosha." Maneno hayo si sawa. Taa ile haipimi wingi wa oili. Hupima nguvu ya oili katika njia zake. Oili huweza kupungua lita nzima, na zaidi, pampu ikaendelea kuivuta na taa isiwake. Siku taa itakapowaka injini ikiwa inafanya kazi, maana yake ni kwamba pampu imeanza kuvuta hewa, na beringi zimekwisha kuanza kusagana.

Tena, bomba la kipoza likipasuka kabisa, ni pampu yenyewe inayoimwaga oili nje. Injini ya 300Tdi huchukua kama lita 6.65 za oili pamoja na chujio. Kwa mwendo wa barabarani oili hiyo yote huweza kumwagika njiani kabla dereva hajatambua. Kwa hiyo taa ikiwaka, dereva asiseme, "Nitafika kituo kile pale mbele." Atoe gari barabarani na kuzima injini papo hapo. Hatua mia moja zaidi huweza kuwa tofauti kati ya kununua bomba na kununua injini.

Ulinzi wa kweli ni kijiti cha kupimia. Kitazamwe kila asubuhi, gari likiwa mahali palipo sawa, kabla ya kuwasha injini. Katika safari ya njia mbaya kitazamwe tena kila mahali pa kupumzika, baada ya kungoja dakika chache ili oili ishuke chini.

KUTAFUTA MAHALI PANAPOVUJA

Mahali oili inapodondoka si lazima pawe ndipo inapovuja. Upepo wa mwendo huisukuma oili nyuma, na uzito wake huishusha chini. Tone linaloonekana chini ya gia boksi huenda limetoka kwenye rejeta. Basi kanuni ni kutafuta mahali palipo juu kabisa na mbele kabisa penye unyevu.

Kwanza sehemu yote ya mbele isafishwe kwa brashi, sabuni na maji, kisha ikauke. Wengine hupaka poda ya watoto au unga wa chokaa juu ya mabomba na viungo vilivyokauka. Oili ikitoka hata kidogo huacha mstari mweusi juu ya weupe. Halafu gari liendeshwe mpaka injini ipate moto kabisa. Jambo hili ni muhimu, kwa sababu mahali pa chujio pana themostati ya oili. Injini ikiwa baridi, themostati huirudisha oili nyingi kwenye injini bila ya kuipitisha katika kipoza. Fundi anayewasha injini baridi kwa dakika mbili na kusema kuwa haivuji, hajapima kitu.

Injini ikiwa na moto, itazamwe kwa tochi ikiwa inaunguruma. Mikono, shati na kamba za nguo ziwe mbali na feni na mikanda. Mahali pa kutazamwa zaidi ni pane: viungo vya mabomba kwenye rejeta; viungo vya mabomba kwenye chujio; pete za chuma zinazobana mpira juu ya bomba; na mapezi ya kipoza chenyewe. Mara nyingi mahali dhaifu ni kwenye pete hizo, kwa kuwa mpira hukauka na kuwa mgumu kwa miaka mingi ya moto, ukaacha kushika chuma. Haifai kukisia kwamba kipoza kimetoboka kabla ya kuzitazama pete hizo vizuri.

KUFUNGUA BILA KUHARIBU

Kazi hii isianzwe injini ikiwa na moto. Oili ya injini iliyotoka safarini huunguza ngozi vibaya, na rejeta yenye moto ikifunguliwa huruka maji yanayochemka. Gari liwekwe mahali palipo sawa, magurudumu yazuiwe kwa mawe, na kama linainuliwa, likae juu ya stendi za chuma. Mtu asilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Betri iondolewe waya mmoja.

Chombo safi cha kukingia oili kiwekwe chini. Kisha nati za mabomba zipakwe mafuta ya kulegeza kutu, na ziachwe kwa saa kadhaa, ama usiku mzima.

Hapa ndipo mafundi wenye haraka wanapoharibu. Katika Land Rover iliyotajwa, kiungo kilichotoka kwenye kipoza kimeshikwa na chuma laini, na nati ya bomba mara nyingi imeshikana nacho kwa kutu. Fundi akitumia spana moja na kukaza mkono, nati haifunguki. Badala yake kiungo chenyewe huzunguka pamoja nayo, kikang'oka kwenye kipoza au kupotoa meno yake. Ndipo kazi ya bomba moja inapogeuka kuwa kazi ya rejeta nzima. Dawa yake ni spana mbili: moja hushika kiungo cha kipoza kisizunguke, na ya pili hufungua nati. Nguvu za mikono miwili zikabiliane, ili kipoza chenyewe kisipate nguvu yoyote. Kama bomba lenyewe ni bovu na litatupwa, ni afadhali kulikata bomba na kuitoa nati polepole kuliko kukihatarisha kiungo.

Matundu yakiisha kufunguliwa, yafunikwe mara moja kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi au kwa kifuniko cha plastiki. Chembe moja ya mchanga ikiingia katika njia ya oili huenda kukaa katika beringi. Kama kipoza chenyewe kinatolewa, maji ya rejeta yamwagwe katika chombo, kisha mipira ya maji, kifuniko cha feni na mipira ya hewa ya turbo ifunguliwe na kuwekwa kwa utaratibu, ili kila kitu kirudi mahali pake.

KUTENGENEZA AU KUNUNUA KIPYA

Uamuzi hutegemea kitu kilichoharibika.

Ikiwa ni bomba, lililo bora ni bomba jipya lenye kipimo kile kile. Kama halipatikani, mafundi wa mipira ya haidroliki, kama wale wanaopatikana katika miji mikubwa, huweza kukata mpira wa zamani na kubana mpya kwa mashine juu ya vipande vya chuma vya zamani. Mjini Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani iliitwa Grogan Road, inajulikana sana kwa maduka ya vipuri. Mnunuzi atake mpira uliotengenezwa kwa ajili ya oili ya moto na nguvu kubwa. Mpira wa maji, au wa petroli, ukifungwa kwa klipu ya skrubu, huonekana mzuri siku ya kwanza. Lakini oili huulainisha kwa ndani, na asubuhi moja ya baridi, wakati oili ni nzito na nguvu yake imezidi, huchomoka.

Ikiwa ni ringi ya mpira au gasketi, ibadilishwe. Isirudishwe ya zamani. Gundi ya kuzibia isipakwe kwa wingi mahali pa gasketi, kwa kuwa ile inayobanwa ndani hukatika na kwenda kuziba njia nyembamba za oili. Katika Land Cruiser ya aina iliyotajwa, kifuniko kikifunguliwa, kipoza kitolewe na kutazamwa, na gasketi na ringi zote zibadilishwe kwa pamoja, hata kama ni moja tu iliyoharibika. Kazi ya kufungua ni ile ile.

Ikiwa kipoza chenyewe kimetoboka, kwanza kijulikane ni chuma gani. Cha shaba huweza kulehemiwa na fundi wa rejeta mwenye ujuzi. Cha alumini hakishiki risasi ya kulehemia ya kawaida. Huhitaji kuchomelewa kwa mashine maalumu, na si kila fundi anaweza. Gundi za kopo zinazouzwa kuwa huziba kila kitu hazifai hapa. Chuma kilichoingiwa na oili hakishiki gundi vizuri, na joto na mtikisiko huibandua baada ya muda.

Kipoza kilichotengenezwa kipimwe kabla ya kurudishwa. Tundu moja huzibwa, lingine hutiwa hewa iliyopunguzwa nguvu kulingana na kitabu cha gari, kisha kipoza huzamishwa katika pipa la maji. Mapovu huonyesha mahali panapovuja. Hewa ya kompresa isifunguliwe yote kwa ghafula, kwa maana kipoza huweza kupasuka na kumwumiza mtu.

Kuna hali moja ambayo kipoza hakitengenezwi hata kama hakivuji. Injini ikiwa imewahi kusaga beringi, vipande vidogo vya chuma hukaa katika vijia vyembamba vya kipoza, wala kuosha hakuviondoi vyote. Mtu akifunga injini mpya pamoja na kipoza cha zamani, vipande hivyo hutoka polepole na kuanza kuila injini mpya. Hapo kununua kipoza kipya ni kuokoa fedha.

KUREJESHA NA KUJARIBU

Nati zianze kufungwa kwa vidole mpaka zishike meno yake sawasawa. Ndipo spana mbili zitumike tena. Kukaza kupita kiasi si ulinzi. Huharibu meno na kuleta uvujaji mpya. Mabomba yasiguse fremu, feni wala mkanda, nayo yafungwe katika vishikizo vyake vyote. Kishikizo kimoja kilichoachwa kwenye sakafu ya gereji huweza kulitoboa bomba jipya kwa kusuguliwa miezi michache.

Oili mpya na chujio jipya hutiwa. Chujio likikaa wima, lijazwe oili safi kabla ya kufungwa. Halafu injini izungushwe kwa stata bila ya kuiacha iwake. Katika injini ya dizeli ya namna hii, waya wa swichi inayokata mafuta kwenye pampu ya dizeli huondolewa kwa muda. Stata isizungushwe kwa muda mrefu mfululizo, ipumzishwe. Taa ya oili ikizimika, oili imefika. Ndipo waya urudishwe na injini iwashwe, nayo iachwe iungurume taratibu bila ya kukanyaga mafuta, ili turbo isizunguke kabla ya kupata oili yake.

Baada ya hapo viungo vitazamwe, gari liendeshwe kilomita chache mpaka lipate moto, na vitazamwe tena. Kijiti kipimwe, kwa kuwa kipoza kilichokuwa kitupu kimekwisha kuchukua sehemu ya oili. Siku ya pili asubuhi kipande cha karatasi safi kiwekwe chini ya gari. Karatasi isiyo na doa ndiyo cheti cha kazi njema.

Katika gari ambalo oili na maji vilichanganyika, kazi haijaisha kwa kubadilisha kipoza. Oili yote na chujio zitolewe, na huenda zikahitaji kubadilishwa tena baada ya mwendo mfupi. Njia za maji nazo zisafishwe kwa dawa inayofaa, kwa sababu oili iliyobaki hulainisha mipira ya rejeta na kuifanya ivimbe.

LIKIHARIBIKA MBALI NA GEREJI

Bomba likipasuka katika njia ya Baragoi na South Horr, au katika jangwa la Chalbi, hakuna duka la vipuri karibu. Watu wengine hufikiri kuyaziba matundu mawili yaliyo kwenye chujio. Jambo hilo ni la hatari. Oili ikipata moto, themostati huigeuza njia ili iende katika kipoza. Ikikuta tundu limezibwa, huweza kukosa njia ya kurudi, na injini ikakosa oili.

Njia ya salama zaidi ni kuyaunganisha matundu hayo mawili kwa bomba moja fupi, ili oili inayotoka irudi mara moja bila ya kupita mbele. Bomba hilo liwe na viungo vya saizi yake na mpira wa oili wa nguvu kubwa. Kwa hiyo wenye kusafiri mara kwa mara katika njia hizo hufanya vema kulitengenezesha mapema mjini na kuliweka garini pamoja na lita za kutosha za oili, badala ya kulitafuta siku ya msiba. Gari lililounganishwa hivyo halina kipoza tena. Liendeshwe polepole, lisivute mzigo, lipumzishwe katika mpando, na lifikishwe kwa fundi. Si dawa ya kudumu.

Kwa gari ambalo oili imeingia katika maji au maji katika oili, njia ya namna hii haipo. Livutwe.

OILI CHAFU NA ULINZI WA KILA SIKU

Oili iliyotolewa isimwagwe chini wala mtoni. Hukaa ardhini muda mrefu, huingia visimani, na mifugo hunywa maji yaliyoharibika. Sheria ya Kenya ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza kumwaga oili ovyo. Iwekwe katika debe lenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaopokea oili chafu kwa ruhusa. Mafundi nao waoshe mikono kwa sabuni, wala wasikae na nguo zilizolowa oili hiyo, kwa maana huleta madhara ya ngozi mtu akiizoea kwa miaka.

Kulinda ni rahisi kuliko kutengeneza. Tope na nyasi ziondolewe katika mapezi ya kipoza kwa brashi laini na maji yasiyo na nguvu nyingi, yakitoka upande wa nyuma kwenda mbele. Maji ya mashine yenye nguvu hukunja mapezi. Mipira inayoshikilia rejeta itazamwe, kwa kuwa ikifa, rejeta hutikisika na mabomba hukatika. Magari ya pwani yaoshwe mara nyingi zaidi upande wa mbele, kwa sababu chumvi ya bahari hula viungo. Na kila oili inapobadilishwa, fundi apitishe mkono wake juu ya mabomba hayo mawili, injini ikiwa imepoa. Mpira uliopasuka-pasuka au uliovimba ubadilishwe siku hiyo hiyo, hata kama haujaanza kuvuja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa kipoza oili ni doa dogo chini ya gari, ambalo dereva huliruka kila asubuhi akienda kuwasha injini. Ukuta wake ni injini iliyosagika, gari lililofungwa kamba likivutwa, na mgonjwa aliyekuwa akilingoja ambaye hana budi kutafutiwa njia nyingine ya kufika hospitali.